Uzi: Fonti zilizovunjwa zina akili yake, tuzijadili kabla hatujazibandika kwenye mabango

Kalamu Nene (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Siku hizi kila bango la shoo na kila jalada la wimbo lina herufi zilizochanika, zilizokatwa katikati au zilizoyeyuka kama nta. Nafurahi kuona vijana wanathubutu. Kinachonisumbua ni kwamba kazi nyingi zinaonyesha mtu kapakua fonti ya bure, kaandika jina la msanii, basi. Walioanza kuvunja herufi walikuwa na swali walilotaka kulijibu. Tukilijua swali lao, na sisi tutavunja kwa sababu.

Nianze na California, mwaka 1984. Macintosh imetoka, na mwaka huohuo Rudy VanderLans, Mholanzi aliyehamia huko, akaanzisha na wenzake jarida la Emigre. Mkewe, Zuzana Licko, mzaliwa wa Bratislava, akaanza kuchora herufi kwenye kompyuta ile. Kioo chake kilikuwa na nukta 72 tu kwa inchi, kwa hiyo kila herufi ilikuwa rundo la vijimraba vinavyoonekana wazi. Wabunifu wengi waliudharau mwandiko huo wakasubiri mashine bora. Licko alivikubali vijimraba kama vilivyo na kuvipanga kwa makusudi, na mwaka 1985 zikatoka fonti kama Emperor na Oakland. Swali lake lilikuwa hili: chombo hiki kikiachwa kiongee kwa lugha yake, kitaandika vipi?

Mwaka 1986 ikaja programu ya Fontographer. Kabla yake fonti ilikuwa kazi ya kampuni zenye mitambo na mafundi wengi. Baada yake, mtu mmoja mwenye kompyuta mezani aliweza kuchora fonti leo na kuichapa kesho. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Kulikuwa pia na shule. Cranbrook, kule Michigan, idara ya usanifu iliongozwa na Katherine McCoy na mumewe tangu 1971 hadi 1995, na wanafunzi wake walisoma wanafalsafa wa Kifaransa huku wakipanga herufi. Walitaka ukurasa usomwe zaidi ya mara moja, maana juu ya maana. Mmoja wa wahitimu wake ni Edward Fella, aliyemaliza 1987 akiwa mtu mzima baada ya miaka kama thelathini ya kuchora matangazo ya biashara Detroit. Fella alijua kanuni zote kwa mkono, ndiyo maana alipozivunja, kila mvunjo ulikuwa na mahali pake. Tazameni vipeperushi vyake: nafasi kati ya herufi hazilingani, mstari unapanda na kushuka, lakini jicho halipotei.

Sasa niwape fonti nne ambazo kila anayetaka kuvunja herufi azichunguze.

Template Gothic ya Barry Deck, 1990. Aliona bango kwenye duka la kufulia nguo, limeandikwa kwa kufuatisha kibao cha plastiki chenye matundu ya herufi. Kibao kile kilimpa fundi maumbo safi, mkono wake ukayayumbisha. Deck akachukua kuyumba kule na kukufanya fonti.

Dead History ya P. Scott Makela, 1990 pia. Alichukua Centennial, fonti ya vitabu yenye vimkia, akaigawa, akaiunganisha na VAG Rounded yenye miisho ya mviringo. Herufi moja ina nusu mbili zisizojuana. Ukiitazama unaona wazi kwamba fonti katika kompyuta ni data tu, inaweza kukatwa na kubandikwa kama sentensi.

Beowolf ya Erik van Blokland na Just van Rossum, wavulana wawili kutoka Uholanzi. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. PostScript, lugha ya printa, huchora herufi kwa amri: chora mstari hadi hapa, chora mkunjo hadi pale. Wao waliandika amri mpya wakaiita freakto, wakaiweka badala ya zile za kawaida. Kila nukta ya ukingo ikawa inasogea kidogo kwa bahati nasibu, na hesabu ilifanyika ndani ya printa wakati wa kuchapa. Maana yake, "a" ya kwanza na "a" ya pili kwenye ukurasa mmoja hazifanani, na ukichapa tena, zote zinabadilika. Tangu enzi za Gutenberg, mwanzilishi wa uchapaji wa Ulaya, sifa ya chapa ilikuwa kurudia umbo lilelile. Hawa waliiondoa sifa hiyo kwa amri moja.

Ya nne ni ya Phil Baines, Mwingereza. Mwaka 1991 Neville Brody na Jon Wozencroft walianzisha FUSE: kila toleo ni diski yenye fonti nne za majaribio pamoja na mabango yake. Katika toleo la kwanza Baines alichukua Clarendon, fonti nzito ya zamani, akaifuta kipande kwa kipande akiuliza: nikitoa kiasi gani, bado utasoma? Alibakiza sehemu zile tu zinazoitambulisha kila herufi. Chukueni gazeti, funikeni nusu ya chini ya mstari mmoja: mtausoma. Funikeni nusu ya juu: mtahangaika. Herufi za Kirumi hubeba utambulisho wake juu, na Baines alijenga fonti nzima juu ya jambo hilo.

Mwaka 2011 jumba la makumbusho la MoMA, New York, liliingiza fonti 23 za kidijitali kwenye hazina yake. Oakland, Template Gothic, Dead History na Beowolf zimo.

Karibuni tuchangie. Nina jambo kuhusu Kiswahili na herufi hizi, nitalileta tukishapasha moto.

---

Mwalimu wa Zamu

Mkuu, uzi umeshiba. Naomba nipinge kwa heshima.

Mimi ni mtu wa vitabu vya shule. Mwaka 1930 Beatrice Warde, mwandishi wa mambo ya uchapaji, alitoa mhadhara London akafananisha chapa nzuri na glasi ya kioo kitupu: unaona divai, glasi huioni. Kwangu hilo ndilo neno la mwisho. Mtoto wa darasa la tatu anayejifunza kusoma hana muda wa kukisia kama ile ni "o" au "e". Hata mtu mzima anayepita barabarani ana sekunde chache tu za kusoma bango. Ukimvunjia herufi umemnyima taarifa aliyostahili kuipata.

Na kuna yule David Carson, msanifu wa jarida la muziki la Ray Gun, aliyechoshwa na mahojiano ya mwanamuziki Bryan Ferry kiasi cha kuyapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti ya nyota na mishale. Hayasomeki hata neno moja. Hiyo tuiite ubunifu?

---

Kalamu Nene

Mwalimu wangu, nakubaliana nawe juu ya kitabu cha shule, tena kwa asilimia zote. Fonti ninazozizungumzia ni za vichwa: maneno matatu, manne, makubwa. Hakuna mwenye akili timamu atakayepanga kurasa mia mbili kwa Dead History. Kitabu cha darasa la tatu kina kazi moja, bango la tamasha lina kazi nyingine: kabla hujasoma neno, bango limeshakuambia ni usiku wa aina gani.

Kuhusu Carson, yale mahojiano ya mwaka 1994 yaliwekwa pia nyuma ya jarida kwa herufi za kawaida, anayetaka kuyasoma asome. Hata hivyo sikumweka kwenye orodha yangu, na ni kwa makusudi. Kitendo kile kilikuwa na nguvu mara moja. Ukikirudia hakina kitu ndani. Beowolf unaweza kuirudia miaka thelathini baadaye ukajifunza.

Wakubwa wengine walikuwa upande wako. Steven Heller, mwandishi wa mambo ya usanifu, aliandika mwaka 1993 dhidi ya kile alichokiona kama ibada ya ubaya, akitolea mfano kazi za wanafunzi wa Cranbrook. Massimo Vignelli, msanifu yule wa ramani ya treni za New York ya 1972, aliziita kazi za Emigre takataka hadharani. Mwaka 1996 Licko alipochora Filosofia, fonti yenye damu ya Bodoni, ile fonti ya zamani ya Kiitaliano, bango la kuitangaza lilisanifiwa na Vignelli huyohuyo. Mimi nalipenda tukio hilo kwa sababu hakuna aliyeacha imani yake: Vignelli aliipenda Bodoni maisha yake yote, na Licko alikuwa ameonyesha kwamba anaijua.

Hoja ya Licko mwenyewe ilikuwa kwamba tunasoma vizuri kile tulichozoea kukisoma. Herufi nyeusi za Kijerumani, zile nene zenye kona kali, kwetu ni msitu, kwa msomaji wa Ujerumani wa karne kadhaa zilizopita zilikuwa mwandiko wa kawaida kabisa. Sidhani hoja hiyo inafika mbali kama alivyotaka, maana jicho nalo lina mipaka yake, ila inatosha kutuzuia kusema fonti fulani haisomeki bila kuuliza haisomeki kwa nani.

---

Nganya ya Rongai

Niaje wadau. Niko Nairobi, nimekulia kwa karakana za matatu.

Hapa kwetu herufi zilivunjwa kabla mtu hajasikia Emigre. Jina la nganya, yaani matatu iliyopambwa, linachorwa ubavuni, na ubavu una madirisha, mlango, tairi. Msanii hana ukurasa mtupu. Anavuta mkia wa herufi upite chini ya dirisha, anaikata "S" ikutane na ukingo wa mlango, anapanda na kushuka. Hata baada ya kanuni za 2004 zilizoleta ule mstari wa njano, wasanii hawakuisha. Umbo la gari ndilo linaamua umbo la herufi. Kwa hivyo nakubali ile ya chombo kuongea, lakini ningependa tuanzie hapo kwetu.

Siku hizi vijana wengi wanachora kwa kompyuta, wanakata stika. Gari linapendeza, lakini ukikaribia unaona kila herufi ina jeraha lilelile. Mkono haukufanya hivyo.

---

Kalamu Nene

Kaka, umenifikisha pale pale nilipotaka. Jeraha lilelile.

Chukua fonti yoyote iliyochakaa kati ya zile zinazopakuliwa bure. Mchoraji aliichora "a" moja, akaipasua upande wa kushoto, akaiwekea doa kichwani. Kisha andika nayo TAMASHA LA SANAA. Herufi ni kumi na nne, saba kati yake ni A. Nusu ya bango ni jeraha moja lililopigwa mhuri mara saba, na pale kwenye "SANAA" mawili yamesimama bega kwa bega. Msomaji hatajua kueleza kilichomkera, lakini jicho lake limeshagundua kwamba uchakavu ule si wa kweli.

Andika Kiingereza kwa fonti hiyohiyo, tatizo linajificha zaidi, kwa sababu vokali zao zimetawanyika na silabi nyingi zinaishia kwa konsonanti. Kiswahili karibu kila silabi inafungwa na vokali, na "a" ndiyo inayoongoza kwa mbali: iko kwenye wa, na, la, ya, za, kwenye kitenzi, kwenye jina la nchi. Fonti hizi zilijaribiwa kwa lugha za wenzetu, sisi tunaziazima bila kuzijaribu kwa lugha yetu.

Ndiyo maana Beowolf inatuhusu sisi kuliko hata walioitengeneza. Sisi ndio tunaohitaji fonti ambayo "a" ya kwanza na ya pili hazifanani.

Jambo la pili ni mahali pa kuvunja. Katika Kiswahili herufi ya mwanzo inabeba sarufi. Anacheza na unacheza zinatofautiana kwa herufi moja, na herufi zenyewe, "a" na "u" ndogo, zikivunjwa juu zinakaribiana sana: bakuli mbili zenye mguu kulia. Msomaji wa neno refu anaweza kukisia katikati ya mzizi, lakini hawezi kukisia kiambishi, kwa sababu kila kiambishi kinaleta neno halali. Kanuni ninayoifuata mwenyewe: vunja mzizi, acha kiambishi kikiwa kizima. Na nikiandika kwa herufi ndogo nazilinda sehemu za juu za k, h, l na t, maana hizo ndizo nguzo kati ya vokali nyingi za mviringo zenye kimo kimoja.

---

Dukani kwa Stika

Shikamoo kwa wakubwa, hamjambo wengine. Mimi ni mama wa plota (mashine ya kukata stika) na skrini (wavu wa kuchapia fulana), Mwanza. Niongeze upande wa wenye kuchapa, kwa sababu tunabebeshwa lawama zisizo zetu.

Fonti iliyochakaa ikigeuzwa mistari ya kukata, herufi moja inaweza kuwa na nukta elfu kadhaa. Plota inatetemeka, kisu kinazunguka kwenye vidoa vidogo kama chembe za mchanga, na mimi nakaa na kibanio nikibandua kimoja kimoja. Vile vidogo zaidi vinang'oka vyenyewe vikivuta herufi pamoja navyo. Mteja akija anasema kazi mbovu.

Kwenye fulana ni hivyohivyo. Skrini ina matundu, na kidoa kilicho kidogo kuliko tundu hakitoki, au kinatoka mara ya kwanza kisha wino unakaukia pale. Fulana ya kwanza na ya hamsini hazifanani.

Ombi langu: ukivunja herufi kwa ajili ya stika au fulana, vunja kwa vipande vikubwa. Kata herufi nusu, isogeze, mega kona nzima. Ile Dead History aliyoieleza Kalamu Nene ningeikata bila shida, ni maumbo safi yaliyounganishwa. Vumbi na mikwaruzo peleka kwenye printa ya kidijitali.

---

Kalamu Nene

Marahaba, na asante sana dada. Wadogo zangu mnaosoma hapa, hifadhini mchango huu. Mashine ya dada ndiyo kibao cha plastiki cha Barry Deck: ina mambo inayoyakubali na mambo inayoyakataa, na fonti nzuri ya stika inatakiwa izaliwe humo.

---

Hati za Amu

Assalaam alaykum. Nimesoma kwa utulivu, nina neno dogo.

Mnazungumza kuhusu herufi inayobadilika kufuatana na jirani yake kama jambo geni. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na tendi za pwani zimehifadhiwa kwa mwandiko huo. Humo "be" ina umbo lake ikisimama peke yake, jingine ikianza, jingine ikiwa katikati na jingine ikimaliza. Mwandishi mzuri huongeza tena: akiona meno mengi, vile vijino vya herufi, yamefuatana, hulinyanyua moja ili jicho lisichoke. Hakuna aliyemfundisha freakto.

Kompyuta zilipotaka kuandika Kiarabu sawasawa ilibidi fonti ziwekewe kanuni za kubadilisha umbo. Kanuni hizo zimo ndani ya fonti za OpenType, aina ya faili za fonti, na nijuavyo zinaweza kutumika kwa herufi za Kirumi pia. Kalamu Nene, si ndiyo njia ya zile "a" zako saba?

---

Kalamu Nene

Waalaykum salaam mzee wangu. Ndiyo hasa, na nashukuru umeileta kupitia mlango wa nyumbani. Beowolf yenyewe ilipata shida programu na printa zilipoacha kuikubali ile bahati nasibu ya PostScript. Toleo lake la OpenType likahamia njia hiyo unayoisema: maumbo mengi ya kila herufi yamehifadhiwa tayari ndani ya fonti, na kanuni zinachagua.

Kwa wanaotaka kujaribu, programu ya kuchorea fonti ya FontForge ni ya bure na inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Chora "a" yako iliyovunjwa. Kisha chora nyingine mbili au tatu, kila moja na jeraha lake, uzipe majina kama a.2 na a.3. Usinakili ya kwanza na kuigeuza kichwa chini, itaonekana. Anza kila moja kutoka kwenye herufi nzima.

Halafu andika kanuni ya mbadala wa muktadha, ile inayoitwa calt. Kwa Kiswahili kanuni inakuwa rahisi kwa sababu tunajua "a" zetu zinakaa wapi: aghalabu zinatenganishwa na konsonanti moja, mbili au tatu. Unaunda kundi la konsonanti zote, unaongeza na nafasi tupu ndani yake. Kisha unasema: "a" iliyotanguliwa na konsonanti ambayo nayo imetanguliwa na "a", iwe a.2. Iliyotanguliwa hivyo na a.2, iwe a.3. Ukiwa na a.3 nyuma, iache ya kawaida. Rudia kwa konsonanti mbili na tatu, na usisahau pale zinapogusana, kama "sanaa" na "taarifa". Weka kanuni zote kwenye jedwali moja, maana zinasomwa kutoka kushoto na kila badiliko linaonekana na linalofuata. Fanya vivyo hivyo kwa "i" na "u" ukiwa na nguvu. Herufi nyingine nyingi zinaweza kubaki na umbo moja bila jicho kulalamika.

Programu za kuchorea za Illustrator na Inkscape zinaisoma calt, hakikisha tu haijazimwa. CorelDRAW ilianza kuzielewa kanuni za OpenType kwenye toleo la X6 la mwaka 2012, kwa hiyo duka lenye toleo la zamani zaidi litakuonyesha "a" moja tu. Hapo geuza maandishi kuwa mistari kabla ya kutuma. Na kama ni jina moja la msanii lenye herufi sita, huhitaji fonti kabisa: geuza kuwa mistari, vunja kila herufi kwa mkono.

Jaribuni na ng' pia. Ritifaa yetu, ile alama ya ', ni sehemu ya tahajia, na kwenye fonti zilizovunjwa mara nyingi haikuchorwa, au imekuwa doa miongoni mwa madoa. "Ng'ombe" ikigeuka "ngombe" kwenye bango, hilo ni kosa la mbunifu.

---

Mwalimu wa Zamu

Nimefuatilia hadi hapa, na ile ya viambishi imenigusa, kwa sababu ndipo wanafunzi wangu wanapokwama hata kwenye herufi nzima. Msimamo wangu wa kitabu uko palepale. Kwa bango, nimekuelewa.

Swali moja: huyo Makela alichukua fonti mbili za watu akaziunganisha. Kijana wa hapa akifanya hivyo na fonti aliyoinunua, yuko salama?

---

Kalamu Nene

Swali zito, mwalimu. Leseni nyingi za fonti za kulipia zinakataza kuifungua faili na kuibadilisha, hata kama umelipa. Kugeuza neno kuwa mistari kwa ajili ya nembo au bango kwa kawaida kunaruhusiwa, ila kila mtu asome leseni yake. Asiyetaka wasiwasi atafute fonti zenye leseni ya SIL Open Font. Nyingi za kwenye Google Fonts ziko chini yake. Hizo unaruhusiwa kuzikata, kuziunganisha na kuzigawa upya, mradi ubaki na leseni ileile, na kama mwenye fonti ameliwekea jina la fonti yake ulinzi, ubadilishe jina. Kwenye kuchagua, anzeni na fonti nzito zenye mwili mnene, kwa sababu nyembamba ukiimega kidogo tu imekatika. Nikimaliza seti yangu ya "a" nne nitaiweka hapa muipime kwa maneno yenu wenyewe.